Programu huria ni mizani iliyo wazi: Majibu kwa vijana wa Simiyu

Maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya vijana wa Bariadi na Mkoa wa Simiyu

Mkulima wa pamba hahitaji kufundishwa maana ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Jimbo la Ziwa walipoanza kujikusanya katika vyama vyao, mojawapo ya mambo yaliyowaunganisha ilikuwa mizani ya mnunuzi. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma, akaubeba mzigo wake hadi kituoni, kisha jasho lake la msimu mzima likaamuliwa na chombo ambacho hakuruhusiwa kukigusa. Hakuomba fadhila. Alidai kwamba mtu wa upande wake asimame penye mizani aone kwa macho yake. Kutokana na madai ya namna hiyo ulikua ushirika uliozaa, mwaka 1955, Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, VFCU, ambalo jina la Paul Bomani halitenganishwi nalo.

Hivi leo mizani ya mambo mengi imehamia ndani ya kompyuta. Idadi ya wagonjwa waliotibiwa, alama za mitihani, fedha zinazotumwa kwa simu, mipaka ya viwanja, akiba ya dawa katika bohari: yote hayo hupimwa na programu. Programu ni maagizo yaliyoandikwa na mtu, na kompyuta huyafuata bila kuuliza. Maagizo hayo ya asili huitwa msimbo. Aliyeandika msimbo ndiye mwenye mizani.

Zipo programu ambazo msimbo wake umefungwa. Mtumiaji huuziwa ruhusa ya kuzitumia, lakini haruhusiwi kufungua na kuona namna zinavyohesabu. Zipo pia programu huria. Hizi hutolewa pamoja na msimbo wake, na leseni yake humpa kila mtu haki nne: haki ya kuitumia kwa shughuli yoyote, haki ya kuichunguza na kuibadilisha, haki ya kuwapa wengine nakala, na haki ya kuwapa wengine nakala aliyoirekebisha mwenyewe. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo mzima wa kompyuta kwa msingi huo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, aliitoa hadharani kazi aliyokuwa ameianza peke yake, nayo ikaitwa Linux. Leo Linux ndiyo kiini cha kila simu ya Android, na kwa hiyo imo mifukoni mwa watu sokoni Bariadi, Lamadi na Mwanhuzi, hata kama wenye simu hawajapata kusikia jina hilo.

Si simu peke yake. Katika zahanati, taarifa za wagonjwa huandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, hujumlishwa kila mwisho wa mwezi, kisha huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Mfumo huo ni programu huria. Chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990, mara baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, nchi hiyo ilipohitaji kuunganisha huduma za afya zilizokuwa zimegawanywa kwa rangi za watu. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, kikaendelea kuutunza, na leo unatumika katika nchi zaidi ya 70. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kitovu cha kazi hiyo, na katika miaka ya 2010 mfumo ulienezwa Tanzania Bara nzima.

Ni dhahiri basi kwamba programu huria zimekwisha kufika Simiyu. Linalobaki ni kuamua kama kijana wa Simiyu ataendelea kuwa mtumiaji tu, au atashika jembe pamoja na wengine. Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Simiyu imekwisha kukaa siku nyingi mno katika nyumba hii bila kupewa jembe, wala kuliomba. Vijana wanaotaka kuliomba huwa na maswali yao, na maswali hayo hufanana popote duniani. Yafaa yajibiwe moja baada ya jingine.

Programu hii ni mali ya nani?

Hili ndilo swali la kwanza, na ndilo la msingi. Kwa sheria, kila mwandishi ana haki juu ya maandishi yake. Lakini kwa leseni aliyoitoa, amewapa watu wote haki zile nne, na hawezi kuzinyang'anya tena kwa nakala zilizokwisha kutoka. Hapo ndipo ilipo nguvu ya utaratibu huu.

Historia ya ushirika wa pamba inaonyesha thamani ya jambo hilo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa nchini, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Katika miaka ile ya katikati, wanachama hawakuwa na namna ya kuendelea na chama chao wenyewe, kwa kuwa maghala, magari na hesabu vilikuwa vimekwisha kuhamia mikononi mwingine. Ilinganishwe hali hiyo na kisa cha OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu. Ilianzia Ujerumani ikiwa imefungwa. Mwaka 1999 ilinunuliwa na kampuni ya Marekani iitwayo Sun, na mwaka 2000 msimbo wake ukafunguliwa. Mwaka 2010 Sun yenyewe ilinunuliwa na Oracle. Wachangiaji wengi hawakuridhika na mwelekeo wa mwenye mali mpya. Mwaka huohuo walichukua nakala ya msimbo, kama leseni ilivyowaruhusu, wakaunda taasisi yao na kuiita programu yao LibreOffice. Jina la zamani lilibaki kwa kampuni, lakini kazi iliondoka na wafanya kazi. LibreOffice ingali hai hadi leo.

Hata hivyo leseni hazifanani. Ile inayotumiwa na Linux humlazimu mtu anayetoa programu aliyoibadilisha atoe pia msimbo wake kwa masharti yaleyale. Nyingine, kama ile ya DHIS2, hazina sharti hilo. Kwa hiyo mchangiaji asome leseni kabla ya kuanza. Asichukue msimbo wa programu iliyofungwa akauleta kama wake. Na ikiwa ameajiriwa, amuulize mwajiri wake kwanza, kwa sababu mikataba mingine ya kazi humpa mwajiri haki juu ya kila anachokiandika mfanyakazi.

Je, ni lazima mchangiaji awe fundi wa kuandika programu?

La. Dhana hii imewazuia watu wengi bure. Mradi wa programu ni kama shamba la pamoja: wapo wanaolima, lakini wapo pia wanaoteka maji, wanaopika, wanaonoa majembe na wanaohesabu mistari. Programu huhitaji maelezo ya namna ya kuitumia, tafsiri, picha, majaribio, na watu wa kuwajibu wageni. Mara nyingi fundi wa msimbo ndiye asiyejua kazi hizo, maana hajapata kukaa mahali programu yake inapotumika.

Mfano ulio karibu ni ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Mwaka 2011 wakazi wa Tandale, Dar es Salaam, pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walipita mtaa kwa mtaa wakaandika vichochoro, visima na mifereji ambayo haikuwa katika ramani yoyote iliyo wazi. Mwaka 2015 kazi hiyo ilipanuliwa jijini kwa jina la Ramani Huria, hasa katika kata zinazokumbwa na mafuriko. Mwaka huohuo ukaanza mradi wa Crowd2Map, ambao ulisaidia kuchora vijiji vya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, jirani kabisa na Simiyu. Huko haja ilikuwa wazi: wasichana wanaokimbia ukeketaji huomba msaada usiku, na waokoaji hawawezi kufika katika kijiji wasichojua njia yake. Watu wa mbali walichora nyumba na barabara kwa kutazama picha za setilaiti. Lakini picha ya setilaiti haisemi jina la kitongoji, wala haijui kwamba mto fulani haupitiki wakati wa masika. Hayo huyajua mwenyeji. Kijana wa Itilima au Meatu mwenye simu, anayejua jina la kila kitongoji cha kata yake, ana mchango ambao mhandisi wa London hawezi kuutoa.

Aanzie wapi?

Aanzie pale anapotumia. Mtu asiutafute mradi wenye jina kubwa kwa sababu ya sifa. Autafute ule ambao kasoro zake zinamsumbua yeye mwenyewe kila siku, maana ndio atakaokuwa na subira nao.

Mchango wa kwanza wa wengi ni kutoa taarifa ya hitilafu. Kazi hii huonekana ndogo, lakini hufanywa vibaya mara nyingi. Mtu huandika kwamba mfumo haufanyi kazi, kisha basi. Taarifa ya namna hiyo ni sawa na mgonjwa anayemwambia mganga kwamba anaumwa, akaondoka. Taarifa nzuri hujibu mambo manne: mtumiaji alifanya nini, hatua kwa hatua, alitarajia nini kitokee, nini kilitokea, na alikuwa akitumia toleo gani la programu, katika kompyuta au simu ya namna gani. Ichukuliwe kwamba karani wa takwimu anaona jumla ya mwezi haiwiani na kitabu cha MTUHA. Kabla ya kulaumu mfumo, arudie hatua zilezile mara ya pili. Akiona kosa linarudi, aandike tarakimu alizoingiza na jumla iliyotoka. Mwenye kuutunza mradi akiweza kuliona kosa hilo mezani kwake, nusu ya kazi ya kulitengeneza imekwisha.

Hapa lipo onyo lisilopaswa kusahauliwa. Msimbo ni wa wazi, lakini habari za mgonjwa ni siri. Taarifa ya hitilafu husomwa na dunia nzima. Ni marufuku kuweka humo jina la mgonjwa, namba yake ya simu au picha ya daftari lenye habari zake. Mfano wa kubuni unatosha. Vivyo hivyo, mtu akigundua kasoro ambayo mwizi angeweza kuitumia kuingilia mfumo, asiitangaze hadharani. Miradi mingi ina njia ya faragha ya kupokea habari hizo, na ndiyo itumike mpaka kasoro izibwe.

Anayetaka kugusa msimbo wenyewe hufuata utaratibu ufuatao. Huchukua nakala ya mradi. Hutenga tawi lake ili kazi yake isivuruge ya wengine. Hubadilisha jambo moja tu. Hulijaribu. Huandika kwa sentensi chache kwa nini amelibadilisha. Kisha huwaomba watunzaji walipokee. Anayeleta mabadiliko ishirini kwa pamoja huwapa watunzaji mzigo ambao hakuna atakayekuwa na saa za kuufungua, lakini anayeleta moja lililo safi hupata jibu.

Je, asiyekijua Kiingereza vizuri atafanya nini?

Ni kweli kwamba mazungumzo ya miradi mingi ni ya Kiingereza. Lakini Kiingereza kinachotakiwa ni cha kueleza jambo waziwazi, nacho hujengwa kwa sentensi fupi. Wengi wa wachangiaji duniani nao si Waingereza. Torvalds mwenyewe lugha yake ya kwanza ni Kiswidi.

Zaidi ya hayo, Kiswahili chenyewe ni kazi inayongoja watu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa Uswidi, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani ileile programu ya ofisi ikizungumza Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba Kiswahili kinaweza kumwongoza mtu katika kuandika barua na kupiga hesabu kwa kompyuta, jambo ambalo wengine walikuwa wakilishuku. Lakini iliacha pia fundisho la pili. Kila toleo jipya la programu huja na maneno mapya, na tafsiri isiyopaliliwa husongwa na magugu upesi. Tafsiri ni shamba la kila msimu, wala haifanani na sherehe inayozinduliwa mara moja ikaisha.

Mtafsiri ajihadhari pia na maneno ya kubuni yasiyokubalika kwa watu. Wasomi walipendekeza ngamizi, wengine tarakilishi, na mwananchi akaendelea kusema kompyuta. Kwa upande mwingine hifadhi, nakili, bandika na futa ni maneno yaliyopokelewa bila ugomvi, kwa kuwa kila mmoja aliyaelewa mara ya kwanza. Kabla ya kupeleka tafsiri, mchangiaji aisome mbele ya mtu asiyejua Kiingereza. Akisita, neno libadilishwe.

Umeme ukikatika na bando likiisha?

Swali hili ni la haki kwa mtu wa kijijini. Bahati njema ni kwamba kifaa kikuu cha kazi hii, kiitwacho Git, alichokitengeneza Torvalds mwaka 2005, huweka historia nzima ya mradi katika kompyuta ya kila mchangiaji. Maana yake ni kwamba mtu akiisha kupata nakala mara moja, anaweza kufanya kazi kwa siku kadhaa bila mtandao, akaandika, akalinganisha, akarudi nyuma alikokosea, kisha akaja mjini kutuma alichokifanya. Kinachotumwa ni mabadiliko tu, nayo huwa madogo. Nakala ya kwanza ndiyo nzito. Kikundi kikiichukua mara moja kinaweza kugawana kwa diski ndogo ya mkononi. Kompyuta ya zamani haizuii kazi. Zipo aina za Linux zilizotengenezwa mahsusi kwa mashine ambazo wengine wamezitupa.

Kwa nini mchango hukawia au kukataliwa?

Vijana wengi huvunjika moyo hapa. Amefanya kazi usiku kucha, ameituma, na wiki mbili zimepita kimya. Au amejibiwa kwa orodha ya masahihisho. Yafaa ieleweke kwamba mtunzaji wa mradi ni bawabu. Akipokea kosa, litawafikia wote wanaoutumia.

Kisa cha mwaka 2024 chatosha kuwa ushahidi. Mwezi Machi mwaka huo, mhandisi aitwaye Andres Freund aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kwa njia ya mtandao kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakulipuuza. Alipochimbua, akakuta mlango wa siri umefichwa ndani ya xz, programu huria ndogo ya kubana mafaili inayotumika katika kompyuta za Linux kila mahali. Aliyeuweka alijitambulisha kwa jina la Jia Tan. Alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole na bidii, hadi akaaminiwa kuushika mradi, huku mtunzaji wa awali akiwa amechoka na akifanya kazi ile kwa kujitolea. Kama Freund asingekuwa mdadisi, mlango ule ungeingia katika kompyuta nyingi mno.

Mafundisho ni mawili. La kwanza, mizani iliyo wazi iliokoa watu, kwa sababu Freund aliweza kuifungua na kuitazama. La pili, uwazi peke yake hautoshi. Mizani iliyo wazi ambayo hakuna anayeitazama humlinda mwizi sawasawa na ile iliyofungwa. Kwa hiyo mchangiaji anayesahihishwa asinune. Aulize kwa adabu baada ya wiki moja au mbili kama kazi yake imeonekana. Arekebishe alichoambiwa. Na wakati akingoja, apitie kazi za wengine na kuzijaribu, kwa sababu msaada huo ndio unaokosekana zaidi, na ndio uliokosekana kwa yule mtunzaji wa xz.

Nani huamua, na itakuwaje akiwa mjeuri?

Wasukuma waliujua zamani utaratibu wa vijana wa kijiji kulima pamoja chini ya nsumba ntale, kiongozi waliyemchagua wenyewe. Aliheshimiwa kwa kazi yake, na neno lake lilisikilizwa shambani. Miradi ya programu huria nayo ina viongozi, na njia za kuwapata ni mbalimbali. Pengine ni mwanzilishi mwenyewe, pengine kamati, pengine taasisi yenye kura. Mchangiaji asome kanuni za mradi ajue uamuzi hutokea wapi, asije akapoteza miezi akibishana na asiyeamua.

Ama kuhusu ujeuri, mwaka 1971 Mwongozo wa TANU uliwakataza viongozi kujitenga na wananchi na kuwaamrisha kwa dharau. Kanuni hiyo haikuhusu siasa peke yake, kwani popote watu wanapojitolea, dharau hufukuza mikono. Torvalds alijulikana kwa miaka mingi kwa ukali wa maneno yake kwa wachangiaji. Septemba 2018 aliomba radhi hadharani, akajiweka kando kwa muda, na mradi wa Linux ukapata kanuni mpya za mwenendo. Mtu akitukanwa katika mradi, anayo haki ya kulalamika kwa wahusika wa kanuni hizo. Naye akumbuke kwamba haki hiyo ina wajibu ndani yake: kukosoa kazi si kumkosoa mtu, na mwenye kukosolewa asijibu kwa matusi.

Je, kuna malipo?

Jibu la kweli ni kwamba wengi huanza bila malipo, na wengine hawalipwi kamwe. Asiyesema hivyo anawadanganya vijana. Lakini si kweli kwamba hakuna fedha katika kazi hii. Sehemu kubwa ya Linux leo huandikwa na watu walioajiriwa na makampuni. Mwaka 2019 kampuni ya IBM ilikamilisha ununuzi wa Red Hat, iliyojengwa juu ya programu huria, kwa dola za Marekani bilioni 34. Ipo mipango ya mafunzo yenye posho kwa wachangiaji wapya, kama Google Summer of Code ulioanza mwaka 2005, na Outreachy. Na nchini, wataalamu waliokua ndani ya DHIS2 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefika hatua ya kutengeneza programu za nyongeza juu ya mfumo huo, badala ya kungoja zitoke Ulaya.

Faida iliyo ya uhakika zaidi ni ushahidi. Kila mchango hubaki na jina na tarehe, na kila mtu anaweza kuuona. Kijana wa Bariadi asiye na mjomba ofisini anaweza kumwonyesha mwajiri kazi yake yenyewe pamoja na cheti chake. Lakini hapa pia pana swali la haki ambalo jamii nzima inapaswa kujiuliza. Kazi ya kujitolea ni rahisi kwa mwenye mshahara, na ni ngumu kwa mtu anayesubiri mvua. Ikiwa taasisi zinatumia programu huria na kuokoa fedha za leseni, ni haki sehemu ya akiba hiyo iwafundishe na kuwalipa watakaoitunza. Vinginevyo mizani itabaki wazi, lakini wenye nafasi ya kuitazama watakuwa walewale wa mbali.

Ndugu wananchi,

Pamba ya Simiyu imekuwa ikiondoka kwa miaka mingi ikiwa nyuzi, na kurudi ikiwa nguo. Kila mtu anajua nani hufaidika katika safari hiyo. Katika programu safari ni ileile. Takwimu hutoka hapa, majina ya vijiji hutoka hapa, maneno ya Kiswahili hutoka hapa, na mfumo uliokamilika hurudi ukiwa umeamuliwa mahali pengine. Tofauti ni moja: kiwanda cha nguo kinahitaji mtaji mkubwa, lakini kiwanda hiki kimeachwa mlango wazi, na funguo zimo ndani ya leseni.

Kazi ianze kwa vitu vidogo. Walimu wa kompyuta katika shule za sekondari na vyuo vya mkoa wawafundishe wanafunzi kuandika taarifa moja ya hitilafu iliyo kamili, kama wanavyowafundisha kuandika barua rasmi. Makarani wanaojua kasoro za mifumo kuliko mtu yeyote wasiishie kuzilalamikia chini ya mti. Wakae na vijana wanaojua msimbo, nao wawaandikie. Vijana wa kata moja wachore kata yao ikamilike kabla ya kuhamia nyingine. Na atakayeanza asiache katikati. Akishindwa kuendelea, aseme mapema ili mwingine apokee jembe.

Wazee waliosimama penye mizani ya pamba hawakuwa wahandisi wa mizani. Walijifunza kuisoma kwa sababu jasho lililokuwa likipimwa lilikuwa lao. Mizani ya leo imeandikwa kwa msimbo, na sehemu yake kubwa iko wazi. Kilichobaki ni watu wa kusimama penye mizani hiyo.